Harvey Cushing na Jibu Lililochukua Miaka Ishirini

Mwishoni mwa mwaka 1910, binti wa miaka 23 alilazwa katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa mhamiaji kutoka Urusi, wa familia ya Kiyahudi, na vitabu vya tiba vinamwita Minnie G., basi, jina la pili limefichwa. Uso wake ulikuwa umejaa ukawa duara, tumbo limefura huku mikono na miguu imebaki myembamba. Ngozi ya tumbo ilikuwa na michirizi ya zambarau. Nywele zilikuwa zinamwota usoni, hedhi ilikuwa imekatika miaka kadhaa nyuma, kichwa kinauma, mgongo unauma, presha iko juu. Miaka 23, yaani umri wa mtu wa mwaka wa tatu hapa chuoni.

Aliyempokea ni Harvey Cushing, na ndiye ninayetaka kumweleza.

Cushing alizaliwa tarehe 8 Aprili 1869 mjini Cleveland, Ohio, mtoto wa mwisho kati ya kumi. Baba yake daktari, babu daktari, baba wa babu naye daktari, kwa hiyo njia ilikuwa imeshachimbwa. Alisoma Yale, kisha udaktari Harvard, akamaliza 1895. Akiwa bado mwanafunzi alikabidhiwa kazi ya kumpa mgonjwa nusukaputi ya etha, na mgonjwa akafia mikononi mwake. Siku zile hilo halikuwa jambo la ajabu, kazi hiyo wakipewa wanafunzi hivi hivi tu bila mafunzo ya maana. (Sisi wa ualimu tunaokwenda mazoezi na kukabidhiwa darasa zima siku ya kwanza tunaelewa kidogo.) Alifikiria kuacha masomo. Badala yake, yeye na mwenzake Ernest Codman wakaanza kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa muda wote wa upasuaji, ili hatari ionekane kabla haijafika. Chati unayoiona leo chumba cha upasuaji ina asili yake hapo.

Mwaka 1901, akiwa safarini Ulaya, alipita Pavia, Italia, akakuta kifaa cha Riva-Rocci cha kupimia presha. Akakichora, akarudi nacho Marekani, na akawa miongoni mwa waliowasukuma madaktari wa huko wakitumie. Baada ya hapo akaingia kwenye ubongo, sehemu ambayo wapasuaji wengi waliiogopa kwa sababu wagonjwa wao walikufa wengi mno. Yeye alikwenda polepole, saa nyingi kwa mgonjwa mmoja, akizuia kila tone la damu. Mwaka 1911 alianza kutumia vibanio vidogo vya fedha kufunga mishipa, na 1926, pamoja na mtaalamu wa fizikia William Bovie, akaanza kutumia umeme kukata na kuziba. Kufikia 1931 alikuwa amepasua uvimbe wa ubongo mara 2,000.

Lakini kwa Minnie, mikono ile haikutosha. Alimfungulia fuvu kidogo ili kupunguza msukumo kichwani, ila chanzo cha ugonjwa hakukiona. Je, ni tezi ya pituitari, ile ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo? Ni tezi za adrenali zilizo juu ya figo? Ovari? Mwaka 1912 alichapisha kitabu chake juu ya pituitari, akamweka Minnie humo pamoja na picha zake, na akaandika kwamba huu ni ugonjwa unaogusa tezi nyingi na kiini chake hakijajulikana. Kumbuka kwamba kotisoli yenyewe ilikuwa haijagunduliwa. Ilitenganishwa maabara miaka ya 1930, na waliofanya kazi hiyo wakapata Tuzo ya Nobel 1950. Cushing alikuwa anaeleza moto kwa kuangalia moshi tu.

Hapo ndipo mimi namheshimu zaidi, kuliko hata kwenye zile operesheni 2,000. Daktari mkubwa, mwenye jina, amekutana na kitu asichokielewa. Hakumwambia binti kwamba anakula sana. Aliandika alichokiona, akapiga picha, akaweka faili, akaendelea kumfuatilia.

Nasema hivi kwa sababu kuna dada wa kozi yetu, ambaye ameniruhusu niandike bila jina, anayeishi na kitu cha namna hiyo sasa hivi. Semista moja tu uso ulijaa. Hosteli wakasema bumu limemkubali. Zahanati ya kwanza aliambiwa ana mawazo, ya pili aliambiwa apunguze chipsi. Hospitali kubwa ndiyo iliyompima kotisoli: iko juu. Wakarudia, iko juu. Picha ya kichwa haikuonyesha kitu. Akaulizwa kama anatumia mkorogo, na swali lenyewe ni la haki, maana krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina dawa za jamii ya steroidi, na zikitumika muda mrefu humpa mtu uso na michirizi ile ile. Hatumii. Basi yupo, anasubiri miadi, presha inapanda, usingizi hakuna, na mitihani haimsubiri mtu.

Kilichomsaidia kidogo ni kuelewa kwamba kipimo kimoja hakimalizi kesi. Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka kabisa karibu na usiku wa manane, ndiyo maana madaktari hutaka mate ya usiku, au mkojo wa saa 24, au humpa mtu kidonge cha deksamethasoni usiku na kupima damu asubuhi. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kupandisha kipimo cha damu. Pombe nayo, na sonona pia. Na uvimbe wa pituitari ukiwa wa milimita chache unaweza usionekane hata kwenye picha nzuri, au chanzo kikawa adrenali, au hata mapafu.

Turudi kwa Cushing, ambaye wala hakuwa malaika. Wasaidizi na manesi walimwogopa, kwa sababu alikaripia mbele za watu na hakusahau kosa. Nyumbani alionekana kwa nadra. Juni 1926 aliletewa habari asubuhi kwamba mwanawe William amefariki kwenye ajali ya gari. Alimpigia simu mke wake, kisha akaingia kumpasua mgonjwa aliyekuwa akimsubiri. Wapo wanaolisifu tukio hilo. Mimi bado sijui nilione vipi. Mwaka huo huo kitabu chake cha maisha ya William Osler, mwalimu na jirani yake wa zamani, kilipata Tuzo ya Pulitzer.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 63, mwaka ule ule aliostaafu Harvard, alichapisha makala juu ya wagonjwa 12, wengine wake na wengine aliowakuta kwenye maandishi ya madaktari wengine. Hoja yake ilikuwa kwamba vijivimbe vidogo sana vya pituitari ndivyo vinavyoweza kuleta hali yote ile. Wa kwanza katika orodha ni Minnie G., aliyekuwa bado hai zaidi ya miaka 20 tangu alazwe. Kwake yeye binafsi hoja haikuthibitishwa. Wengi wa wale wengine walikuwa wamefariki, na ni miili yao iliyotoa ushahidi. Ugonjwa ukapewa jina la Cushing.

Yeye alirudi Yale, miguu ikimsumbua kwa mishipa iliyoziba, sigara haiachi. Husimuliwa kwamba maumivu ya mwisho ya moyo yalimpata baada ya kunyanyua kitabu kizito cha Vesalius, mwanaanatomia wa karne ya 16 ambaye alikuwa anamwandikia kitabu. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1939. Mwili ulipochunguzwa walikuta ndani ya ubongo wake kijivimbe cha kama sentimita moja, ambacho hakuna aliyewahi kukigundua.