Shaaban Robert na Miaka Hamsini

Wiki mbili zilizopita nilitimiza miaka 50. Sisi watu wa pwani hatukulelewa kusherehekea siku ya kuzaliwa. Mama zetu walikumbuka tu kwamba fulani kazaliwa mwaka wa mvua kubwa, au usiku wa kuamkia Maulidi, yakaisha. Lakini watoto wa siku hizi wana mambo yao. Wangu waliniletea keki. Nikacheka, nikala, nikamshukuru Mola. Usiku walipolala wote, mimi usingizi haukunijia. Nikaenda kabatini nikatoa kitabu kilichochakaa jalada, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha hayati Shaaban Robert.

Wasomaji wengi walilisoma jina hili shuleni, wakalisahau walipomaliza mtihani. Basi leo nawaomba tumkumbuke mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Wazazi wake asili yao ni Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili. Jina la Robert huwashangaza baadhi ya watu, wakadhani alikuwa Mkristo. La, alikuwa Mwislamu maisha yake yote. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na hapo ndipo masomo yake ya darasani yalipokoma. Hakukanyaga chuo kikuu. Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa karani wa forodha, kazi aliyoishika miaka 18. Baadaye alipita idara nyingine za serikali, na ya mwisho ilikuwa ofisi ya upimaji ardhi mjini Tanga.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Karani huyo mchana yumo katika hesabu na majalada ya wakubwa wa kikoloni, na kalamu ya utungaji ni ya saa zilizobaki. Katika saa hizo zilizobaki ndimo vilimotoka Kusadikika, kilichochapishwa 1951, na wasifu wa mwimbaji wa Unguja, Siti binti Saad, uliotoka 1958. Katika hizo alitunga pia utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945, wenye beti zipatazo 3,000.

Wala nyumbani hakukuwa raha tupu. Mkewe Amina alifariki angali kijana, akamwachia watoto wa kulea. Shaaban alimlilia kwa shairi ambalo mpaka leo halisomeki kwa macho makavu. Kisha akakaa kitako akawatungia watoto tenzi za kuwausia, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mirathi aliyoitaka iwafikie ilikuwa maneno, na hakungoja uzee ndipo aandike wasia.

Tarehe 1 Januari 1959 akatimiza miaka 50. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo alikuwa amekwisha kupita 51, maana mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi. Sehemu ya kwanza ya habari za maisha yake alikuwa ameiandika zamani. Sasa akaanza sehemu ya pili, akaiita baada ya miaka hamsini, kama mtu aliyefika nusu ya safari, akashusha mzigo ili aufunge vizuri zaidi. Mwaka 1960 akaacha kazi ya serikali. Akili yake yote ikawa katika vitabu vyake na namna ya kuvifikisha kwa wasomaji.

Lakini ajali haina kinga. Aliwahi kuiona bendera ya Uhuru wa Tanganyika ikipanda Desemba 1961, na Juni 1962 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53. Baada ya hamsini yake alipewa miaka mitatu na miezi michache tu. Kitabu hicho nilichokishika usiku ule, na ule utenzi wa vita, na Kufikirika, na Utubora Mkulima, vyote vilitoka yeye akiwa kaburini.

Hapo ndipo nilipokifunga kitabu, nikaona haya. Marehemu baba yangu alikuwa mtunzi, si wa kujulikana, ni wa barazani tu na harusini. Tungo zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu, akazitia katika mkoba wa ukili, akaniachia. Nilimwahidi kwamba nitazinakili. Imepita miaka 19. Kila mwaka nilisema nitaanza baada ya Ramadhani, au shule zikifungwa, au nikistaafu. Shaaban Robert naye alikuwa na ofisi, alikuwa na msiba, alikuwa na watoto. Lau angesema ataanza akistaafu, tungebaki na karani asiyejulikana aliyezikwa Tanga.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, niliufungua mkoba. Mchwa wamekwisha kuingia. Karatasi tano zimeliwa pembe, na moja haisomeki tena hata nikiielekeza juani. Maneno yaliyokuwamo alikuwa akiyajua baba peke yake. Nimeketi tangu siku ile, kila alfajiri kiasi cha saa moja, na mpaka leo nimenakili tungo 14. Binti yangu mkubwa huzisoma kwa sauti, nami humrekebisha pale panapovunjika mizani.

Nawe msomaji, ikiwa chini ya kitanda chako kuna mkoba wa namna hii, ufungue leo, usingoje Ijumaa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban Robert, na wazee wetu wote waliotuachia maneno. Amin.