Mjane wa Reims aliyeteka soko la Urusi kwa shampeni

WANAOPANGA safari ya kuonja mvinyo na vyakula vya mkoa wa Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, wengi huanzia mji wa Reims, ulio mwendo wa takriban dakika 45 kwa treni ya kasi kutoka Paris. Hapo hutembezwa kwenye mahandaki ya chokaa yaliyo chini ya mji, mahali penye baridi ya kudumu ambapo mamilioni ya chupa hulazwa, na hula biskuti za rangi ya waridi ambazo wenyeji huzichovya kwenye mvinyo. Haupiti muda mrefu kabla ya kulisikia jina la mwanamke mmoja: Barbe-Nicole Clicquot, maarufu kama Mjane Clicquot.

Mama huyo alizaliwa mjini humo Desemba 16, 1777. Baba yake, Nicolas Ponsardin, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo na baadaye meya wa Reims. Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot, mtoto wa mfanyabiashara mwingine wa nguo, Philippe Clicquot, ambaye tangu 1772 alikuwa akiuza mvinyo kama biashara ya pembeni. Familia hizo zilikuwa na mashamba ya mizabibu, na vijana hao wawili ndio walioamua kwamba mvinyo uwe kazi yao kamili.

Oktoba 1805 François alifariki dunia baada ya kuugua homa kwa muda mfupi. Alimwacha mkewe akiwa na umri wa miaka 27, na binti yao Clémentine akiwa mtoto mdogo. Baba mkwe, kwa majonzi, alitaka kufunga biashara. Mkwewe akamwomba amwachie yeye aiendeshe.

Ombi hilo halikuwa dogo. Sheria ya Ufaransa ya 1804 ilimzuia mke kufanya mikataba bila ridhaa ya mumewe, na binti alikuwa chini ya baba. Mjane peke yake ndiye aliyeweza kufungua vitabu vya hesabu kwa jina lake. Mzee Clicquot alikubali na kuweka fedha zake, lakini kwa kushirikiana na mbia mzoefu, Alexandre Fourneaux, kwa miaka minne.

Miaka hiyo minne ilikuwa ya hasara tupu. Vita vya Napoleon vilifunga bandari za Ulaya, na shehena yake kubwa ilikwama Amsterdam hadi mvinyo ukaharibika kwa joto. Ubia ulipokwisha mwaka 1810, Fourneaux alijitoa. Mama Clicquot alibaki peke yake, akaipa kampuni jina la Veuve Clicquot-Ponsardin, neno la kwanza likiwa na maana ya mjane.

Mwaka 1811 ulileta zabibu nzuri ajabu. Nyota yenye mkia ilionekana angani miezi mingi, na wakulima waliamini ndiyo iliyoleta baraka hiyo. Lakini mavuno mazuri bila mnunuzi ni mzigo. Soko alilolitaka zaidi, Urusi, lilikuwa limepiga marufuku mvinyo wa Kifaransa wa chupa. Mapema mwaka 1814 majeshi ya Urusi na washirika wake yakaingia Reims yenyewe. Mama huyo aliamuru milango ya mahandaki yake izibwe kwa matofali ili kuiokoa akiba ya 1811.

Napoleon alipoanguka Aprili 1814, wafanyabiashara wenzake walikaa wakisubiri marufuku iondolewe na meli ziruhusiwe rasmi. Yeye hakusubiri. Kwa siri, pamoja na wakala wake wa mauzo Louis Bohne, alikodi meli ya Kiholanzi iliyoitwa Zes Gebroeders na kupakia chupa 10,550 kwenda Königsberg, bandari ya Prussia katika Bahari ya Baltiki. Mzigo ungekamatwa au chupa zingepasuka njiani, kampuni ingekuwa imekwisha, kwani madeni yalikuwa shingoni.

Meli ilifika salama, chupa zikiwa nzima na mvinyo ukiwa safi. Wanunuzi waligombea kabla mzigo haujasambazwa. Shehena ya pili, ya chupa zaidi ya 12,000, ilikuwa tayari njiani kuelekea St. Petersburg. Washindani waliposikia, walikuwa wameachwa nyuma kwa wiki nyingi.

Sasa likaja tatizo la kila mzalishaji aliyepata soko ghafla: mzigo hautoshi. Shampeni huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na chachu iliyokufa huacha mashapo yanayoutia mvinyo ukungu. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuumimina kutoka chupa moja hadi nyingine. Ilikuwa kazi ya polepole, gesi ilipotea, na sehemu ya mvinyo pia.

Inaelezwa kwamba alichukua meza ya jikoni na kuitoboa matundu, akachomeka chupa shingo chini. Kila siku zilizungushwa kidogo kwa mkono, na baada ya wiki kadhaa mashapo yote yalikuwa yametua juu ya kizibo. Kizibo kikichomolewa, gesi yenyewe iliyarusha nje. Kampuni huutaja mwaka 1816 kuwa mwaka wa ugunduzi huo, na msimamizi wake wa mahandaki, Antoine Müller, alikuwa na mchango mkubwa. Siri hiyo ilifichwa kwa muda, kisha ikavuja. Siku hizi kazi kubwa ya kuzungusha hufanywa na mashine, ingawa kanuni ni ileile.

Mwaka 1818 alichanganya mvinyo mwekundu wa mashamba yake ya Bouzy na mweupe, akapata shampeni ya waridi, wakati wengine walikuwa wakitia rangi kwa matunda ya porini.

Hakufaulu kila alipogusa. Alipojiingiza katika benki karibu afilisike mwaka 1828. Aliyemwokoa ni mfanyakazi wake Mjerumani, Eduard Werle, aliyetumia fedha zake mwenyewe. Alimfanya mbia na hatimaye akamwachia kampuni, kisha akahamia kasri lake la Boursault, ambako alifariki Julai 29, 1866 akiwa na miaka 88.

Mwaka 2010 wapiga mbizi waliikuta meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland ikiwa na chupa 168 za shampeni, zikiwamo kadhaa za Clicquot. Vipimo vilionyesha sukari ya takriban gramu 150 kwa lita, mara nyingi zaidi ya shampeni kavu ya leo, ambayo haizidi gramu 12. Wateja wa siku hizo walipenda utamu, naye aliwapa. Chupa yake mojawapo iliuzwa mnadani mwaka 2011 kwa euro 30,000.