Cheikh Anta Diop: Mwanazuoni Aliyeidai Misri kwa Niaba ya Afrika

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Miongoni mwa wanazuoni wa Afrika wa karne ya 20, ni wachache walioliishi funzo hilo kwa gharama kubwa kama hayati Cheikh Anta Diop wa Senegali. Kwa zaidi ya miaka 30 alishikilia kwamba Wamisri wa kale, waliojenga piramidi na kubuni hati ya hieroglifu, walikuwa Waafrika weusi, na kwamba historia ya bara hili haiwezi kuandikwa sawasawa ikiwa Misri itaendelea kutengwa nalo. Dai hilo lilimletea sifa, uhasama na upweke kwa pamoja.

Diop alizaliwa tarehe 29 Desemba 1923 katika kijiji cha Thieytou, eneo la Diourbel, katika jamii ya Wawolofu. Alisoma chuo cha Kurani kabla ya kuingia katika shule za wakoloni Wafaransa. Mnamo 1946 alisafiri hadi Paris kwa masomo ya juu. Huko alisomea falsafa chini ya Gaston Bachelard, na baadaye akajifunza fizikia ya nyuklia kwa Frédéric Joliot-Curie. Fauka ya hayo, alizama katika historia, isimu na lugha ya Kimisri cha kale. Mchanganyiko huo wa taaluma ulikuja kuwa silaha yake kuu, kwa kuwa aliweza kusoma maandishi ya kale na pia kufanya kazi katika maabara.

Katika enzi hiyo, vitabu vingi vya Ulaya viliichukulia Misri kama sehemu ya Mashariki ya Kati iliyoangukia Afrika kwa ajali ya jiografia. Waafrika waliosalia walidaiwa kuwa watu wasio na historia. Diop aliandika tasnifu ya kupinga mtazamo huo, lakini hakukupatikana jopo la kuitahini. Badala ya kukata tamaa, aliichapisha kazi hiyo mwaka wa 1954 kupitia shirika la Présence Africaine, kwa jina la Nations nègres et culture. Mshairi Aimé Césaire alikuwa miongoni mwa waliotambua mapema ujasiri wake. Hatimaye Diop alitunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1960, ila kwa daraja la chini ambalo lilimfungia mlango wa kufundisha chuoni.

Hoja zake zilitoka pande nyingi. Alichunguza maelezo ya Wagiriki wa kale, hasa Herodotus, kuhusu rangi ya Wamisri. Alilichambua jina la kale la nchi hiyo, ambalo mzizi wake una maana ya weusi: yeye alilifasiri kuwa linawahusu watu, ilhali wataalamu wengi wa Misri hulifasiri kuwa ni udongo mweusi wa kingo za Nili. Alipendekeza pia ngozi za mumiani zipimwe kiwango cha melanini. Aidha, alilinganisha msamiati na sarufi ya Kimisri cha kale na Kiwolofu, lugha ya mama yake, akidai kwamba zina undugu wa nasaba.

Mtihani mkubwa ulifika Cairo, kati ya tarehe 28 Januari na 3 Februari 1974, katika kongamano lililoandaliwa na UNESCO. Diop na mwenzake kutoka Kongo, Théophile Obenga, walikabiliana na mabingwa wa elimu ya Misri kutoka Ulaya na Misri yenyewe. Kuhusu maumbile ya watu hapakuwa na mwafaka: wengi walishikilia kwamba wakazi wa Bonde la Nili walikuwa wa mchanganyiko tangu zamani. Kuhusu lugha, hata hivyo, ilikubalika kwa kiasi kikubwa kwamba Kimisri hakiwezi kutenganishwa na mazingira yake ya Kiafrika. Ripoti ya kongamano ilikiri pia kwamba maandalizi ya kina ya Waafrika hao wawili hayakulinganishwa na ya wapinzani wao. Sura ya Diop ilichapishwa mwaka wa 1981 katika juzuu ya pili ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, ikiwa na tanbihi ya mhariri kwamba si wote waliokubaliana nayo.

Ikumbukwe kwamba nadharia yake ya lugha imekosolewa vikali. Wanaisimu huweka Kimisri katika familia moja na lugha za Kisemiti, Kiberiberi, Kichadi na Kikushi, ambako Kisomali na Kioromo ni wanachama. Kiwolofu, kama Kiswahili, kimo katika familia ya Niger-Kongo. Wakosoaji walisema kwamba kufanana kwa maneno hakutoshi bila kuonyesha mabadiliko ya sauti yenye utaratibu. Isitoshe, sayansi ya leo haiitambui tena mbari kama kipimo cha kibiolojia cha kuwagawa wanadamu, na hivyo swali lenyewe limebadilika. Lakini hata wakosoaji wake wengi hawathubutu tena kuisoma Misri kana kwamba haimo Afrika.

Nchini mwake, Diop alikuwa mkuu wa maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni-14 katika taasisi ya IFAN, Dakar. Katika siasa alimpinga Rais Léopold Sédar Senghor, na mwaka wa 1962 alitiwa kizuizini. Mwaka wa 1976 alianzisha chama cha RND, kilichonyimwa usajili hadi Senghor alipoondoka madarakani. Gazeti la chama liliitwa Siggi, yaani inua kichwa. Senghor, aliyekuwa mshairi na mwanasarufi, alisisitiza kwamba tahajia sahihi ya Kiwolofu haina konsonanti mbili hapo, na sheria ikatumika kuilazimisha. Gazeti likabadili jina na kuitwa Taxaw, yaani simama. Herufi moja ikawa suala la dola.

Kisa hicho kinaonyesha uzito ambao Diop aliupa lugha. Katika kitabu chake cha 1954 alitafsiri kwa Kiwolofu maelezo ya nadharia ya uhusianifu ya Einstein, na mwaka wa 1975 akachapisha makala yenye mifano zaidi ya hisabati na fizikia katika lugha hiyo. Alitaka kuthibitisha kwa vitendo kwamba hakuna lugha ya Kiafrika iliyoumbwa kuishia sokoni na jikoni. Aliamini kwamba uhuru wa kisiasa ungekuwa ganda tupu iwapo Waafrika wangeendelea kufikiri kwa lugha za kuazima.

Ni mwaka wa 1981 tu alipopewa nafasi ya kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dakar. Alifariki tarehe 7 Februari 1986 na kuzikwa kijijini Thieytou. Mwaka uliofuata, chuo hicho kilichomkosesha ukumbi kwa miaka 20 kilipewa jina lake. Kazi aliyoianza ya kuitia sayansi katika lugha za Kiafrika ingali inawasubiri wanafunzi wa lugha hizo.