Habari za Mwalimu Anton Bruckner, Mpiga Kinanda

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kukumbuka waliotutangulia. Imefaa basi tuzikumbuke na habari za mwalimu mmoja wa nchi ya Austria, ambaye mwanzo wa kazi yake ulifanana sana na kazi ya makatekista wa vigango vyetu. Alifundisha watoto kusoma, aligonga kengele, alitengeneza sakristia, na siku ya Jumapili alipiga kinanda na kuongoza nyimbo. Jina lake Anton Bruckner. Leo nyimbo zake zajulikana duniani kote, lakini alipokuwa na miaka thelathini hakuna aliyedhani hivyo, wala yeye mwenyewe hakudhani.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1824 katika kijiji cha Ansfelden, karibu na mji wa Linz. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, na babu yake vilevile. Zamani hizo, katika vijiji vya Austria, mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa pia mpiga kinanda wa kanisa, na kwa hiyo mtoto huyu alikua akisikia kinanda kama watoto wengine wasikiavyo sauti ya kinu. Mwaka 1837 baba yake alifariki, akaacha mjane na watoto. Mama akamchukua Anton, aliyekuwa na miaka 12, akampeleka kwa watawa wa Mtakatifu Augustino katika monasteri ya Mtakatifu Florian, apokewe awe mmoja wa watoto waimbaji. Katika kanisa la watawa hao kulikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba, mojawapo ya vinanda vilivyosifiwa sana katika nchi ile. Mtoto alikipenda, na upendo ule haukumtoka mpaka siku ya kufa kwake.

Alipokua hakutafuta kazi nyingine ila ile ya baba zake. Akasoma ualimu mjini Linz, na mwaka 1841, akiwa na miaka 17, akatumwa kijiji cha Windhaag awe msaidizi wa mwalimu. Huko alidharauliwa sana. Baada ya masomo alilazimishwa kufanya kazi za shamba, hata kubeba na kutandaza samadi, na usiku alipiga fidla katika ngoma za wanakijiji apate fedha kidogo. Baada ya mwaka mmoja na miezi michache akahamishiwa Kronstorf, na mwaka 1845 akarudi Mtakatifu Florian, sasa akiwa mwalimu, na baadaye mpiga kinanda wa monasteri.

Akakaa hapo miaka kumi. Alikuwa na chakula, nyumba na heshima, lakini moyo wake haukutulia. Alijiona amefika mwisho wa njia, naye hakujua njia nyingine. Mwaka 1853 akaandika barua kuomba kazi ya karani katika ofisi za sheria za serikali. Hebu tufikiri: kama wangalimkubali, mikono ile ingaliandika hati na kunakili mashauri mpaka uzee. Lakini ombi lake halikukubaliwa. Bila shaka siku ile alihuzunika, asijue ya kuwa mlango ule ulifungwa kwa faida yake.

Mwaka 1855, alipokuwa karibu kutimiza miaka 31, alifanya jambo ambalo watu wazima wengi huliona aibu. Alikwenda Vienna kwa mzee Simon Sechter, mpiga kinanda wa jumba la Kaisari na mwalimu mkuu wa kanuni za kupatanisha sauti, akaomba afundishwe tangu mwanzo. Mwaka huo huo kanisa kuu la Linz lilikuwa likitafuta mpiga kinanda. Bruckner hakuthubutu kuomba nafasi hiyo. Alikuja siku ya mtihani asiwe na nia ya kushindana, ila mwalimu wake wa zamani, Johann August Dürrnberger, alimhimiza aketi kwenye kinanda. Akaketi, akawapita wote.

Hivyo akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu, na papo hapo mwanafunzi. Miaka sita alimwandikia Sechter mazoezi kwa njia ya posta, na nyakati za Majilio na Kwaresima, kinanda kilipokuwa kimya kanisani, alisafiri kwenda Vienna kufundishwa uso kwa uso. Sechter alikuwa na sharti moja gumu: mwanafunzi asitunge nyimbo zake mwenyewe mpaka amalize masomo. Bruckner akatii. Alijifunza kwa bidii nyingi hata mwalimu akamwandikia ajihurumie, asije akaugua.

Mwaka 1861 wakuu wa muziki wa Vienna walimpima katika kanisa la mapadre Wapiarista. Wakampa ghafula tuni ya kupiga, akaijenga na kuipamba mpaka mmoja wao akakiri ya kuwa yeye ndiye angalistahili kuwapima wao. Mtu mwingine angalisema, sasa nimehitimu. Bruckner, akiwa na miaka 37, akaenda kwa Otto Kitzler, mwongozaji wa muziki katika nyumba ya michezo ya Linz, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi, ajifunze kutungia vyombo vingi. Hakuona haya kuketi miguuni pa kijana.

Ndipo chemchemi ilipobubujika. Mwezi wa Novemba 1864 waumini wa Linz walisikia Misa yake katika kanisa kuu. Alikuwa na miaka 40. Yote aliyoyasikia kama mtoto mwimbaji, na yote aliyoyapata kwa jasho kama mwanafunzi mzee, yalikutana ndani ya Misa ile, na watu wakatambua ya kuwa mpiga kinanda wao ni mtunzi mkubwa. Yeye naye alijitambua.

Lakini mtu asidhani ya kuwa tangu hapo njia ilikuwa nyeupe. Mwaka 1867 alishikwa na ugonjwa wa moyo kufadhaika. Hofu na huzuni zikamwelemea, akawa hawezi kujizuia kuhesabu kila kitu alichokiona, hata majani ya miti. Akakaa miezi mitatu huko Bad Kreuzen akitibiwa kwa maji baridi. Alipopata nafuu alianza kutunga Misa nyingine, iliyo kubwa kuliko zote alizotunga, akaimaliza mwaka 1868. Alitoka shimoni akiwa na wimbo kinywani.

Siku zile Askofu Franz Joseph Rudigier wa Linz alikuwa akijenga kanisa kuu jipya, kwa heshima ya Bikira Maria. Jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 1862, Bruckner alitunga wimbo wa sikukuu. Na mwaka 1869, kwa kuwekwa wakfu sehemu ya kwanza ya kanisa hilo, alitunga wimbo mfupi wa Kilatini uitwao Locus iste, ambao wanakwaya wa nchi nyingi huuimba. Kanisa lenyewe lilitabarukiwa mwaka 1924, askofu na mtunzi wakiwa wamekwisha kulala zamani. Kazi ya Mungu ndivyo ilivyo: ajengaye si lazima aone paa.

Mwaka 1868, akiwa na miaka 44, alihamia Vienna kufundisha mahali pa Sechter, aliyekuwa amefariki. Akapiga kinanda Paris mwaka 1869 na London mwaka 1871, watu wakastaajabu. Lakini nyimbo zake ndefu za okestra, ziitwazo simfonia, zilidharauliwa. Tarehe 16 Desemba 1877 aliongoza mwenyewe Simfonia yake ya Tatu, na watu wakatoka mmoja mmoja mpaka wakabaki wachache tu, vijana wengi wao. Akasimama pale mbele ya viti vitupu, mtu wa miaka 53. Hata hivyo hakuacha kutunga. Tarehe 30 Desemba 1884, huko Leipzig, Simfonia yake ya Saba ilipigwa, na sifa zake zikaenea. Alikuwa ametimiza miaka 60.

Sifa hazikumbadilisha. Alipofundisha, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, alikatiza somo akasali. Wimbo wake wa Te Deum aliutoa kwa Mungu kuwa shukrani kwa kumvusha katika taabu nyingi. Mwaka 1891 Chuo Kikuu cha Vienna kilimpa shahada ya heshima, yeye mwana wa mwalimu wa kijiji. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Oktoba 1896, Simfonia yake ya Tisa ikiwa haijakwisha. Kwa kuwa aliomba hivyo, alizikwa Mtakatifu Florian, chini ya kinanda kile alichokipenda utotoni.

Wahenga wamenena: samaki mkunje angali mbichi. Neno hili ni la kweli, na Bruckner alikunjwa angali mbichi, maana wazazi na watawa walitia muziki moyoni mwake mapema. Lakini wako kati yetu walimu na makatekista waliokwisha kupita nusu ya safari, ambao hulitumia neno hilo kama kitanda cha kulalia, wakisema wamekwisha kukauka. Hao na wamkumbuke mwalimu huyu. Hakutafuta moyo mpya wala kazi ya kigeni, bali alirudia kile alichokipenda tangu utoto, akakubali kuwa mwanafunzi tena ili akitumikie vema. Labda katika kigango fulani kuna kinanda kilichofunikwa vumbi, au kitabu cha nota ambacho mwenyewe alikiacha zamani. Mwaka huu wa jubilei na akifunue. Mwenyezi Mungu hamwulizi mtu umri wake kabla ya kupokea wimbo wake.