Al-Khwarizmi na Hesabu ya Mirathi

Wengi wetu tuliopita chuoni tumelisikia jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, na tunajivunia kwamba neno aljebra limetoka katika kitabu chake. Kujivunia ni rahisi. Waliokifungua kitabu chenyewe ni wachache mno.

Alizaliwa yapata mwaka 780. Nisba yake ni ya Khwarizmu, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imo Uzbekistan na Turkmenistan. Alifanya kazi Baghdad, katika Baitul Hikma, zama za Khalifa al-Maamun aliyetawala tangu 813 hadi 833. Aliandika juu ya nyota, juu ya sura ya ardhi, na juu ya tarakimu za Kihindi ambazo ndizo asili ya hizi tuzitumiazo. Lakini kilichomtukuza ni kile kitabu cha al-jabri wal-muqabala. Jabri ni kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa.

Ndani yake hamna alama za hesabu. Yote yameelezwa kwa maneno, hatua baada ya hatua, na sehemu kubwa ni wasia na mirathi. Mathalan, mwanamke amefariki, kaacha mume, mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu, naye ameusia mtu baki apewe thumuni ya mali pamoja na subui. Tuseme mali ni shilingi 1,120. Wasia ni 300. Zinabaki 820, mafungu 20 ya shilingi 41: mume 5, mwana 6, kila binti 3. Mwenye kugawa kabla ya kutoa wasia atapata fungu la 56, na yule mtu baki hana lake. Nyumba ngapi za mwambao zimevunjika kwa dhuluma namna hii!

Nilimkumbuka bwana huyu nilipozuru Migori, kisha Homa Bay, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Huko nilimkuta kijana akijifunza Lisp, lugha ya kuamrishia kompyuta iliyobuniwa na John McCarthy wa Marekani mwaka 1958. Mabano yalikuwa yamemchosha. Lugha hiyo hutanguliza kitendo, vitu vikafuata: (jumlisha 2 3). Wenyewe hutumia alama, lakini ukikitambulisha kitendo kwa jina la Kiswahili, hukubaliwa. Na mabano ya ndani hutimizwa kwanza. Nikamwandikia mirathi ile:

(gawa (toa 1120 300) 20)

Wasia umo ndani, hutoka kwanza. Kugawa kunangoja nje. Kompyuta ikajibu 41, na kijana akaanza kuandika mafungu ya warithi bila kuniuliza. Neno algorithimu, yaani mpango wa hatua, alikuwa akilitaja kila mara asijue kuwa ni jina la al-Khwarizmi lililopindwa na ndimi za Kilatini.

Alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester, akiwa Uhispania, aliifasiri aljebra yake kwa Kilatini, ila milango ya mirathi aliiacha. Ilibidi ingoje hadi 1831, Frederic Rosen alipoitoa kwa Kiingereza huko London.