Issah Mmari 'E-Sir' (1981–2003): Malenga wa Kizazi cha Kufokafoka

Mtaa wa Rhonda uko upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, ukipakana na Kaptembwo. Ni mtaa wa wapangaji wa kipato cha chini waliotoka katika jamii nyingi za Kenya, na vijana wake hukutana katika Kiswahili na Sheng kabla ya kukutana katika lugha nyingine yoyote. Kijana aliyezaliwa huko mwaka 2003 sasa amekwisha kumpita kwa umri msanii anayekumbukwa katika makala haya. Msanii huyo ni Issah Mmari Wangui, aliyejulikana kwa jina la E-Sir. Hakulelewa Nakuru, lakini jukwaa lake la mwisho lilikuwa Nakuru, na barabara itokayo Nakuru ndiyo iliyomkatiza maisha. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha hayo mafupi, na kuonyesha kwamba mchango wake kwa lugha ya Kiswahili unastahili kuzungumzwa darasani, si disko pekee.

E-Sir alizaliwa tarehe 20 Mei 1981 na kukulia katika mtaa wa South C, jijini Nairobi. Majina yake yenyewe ni somo la isimujamii. Issah ni jina la Kiislamu. Mmari ni jina lisikikalo sana Uchagani. Wangui ni jina la Kikuyu. Jina la kisanii nalo, likitamkwa haraka, linakaribiana mno na lile la kwanza alilopewa na wazazi.

Aidha, mwaka wa kuzaliwa kwake una maana kwetu wanafunzi wa Kiswahili. Mnamo 1981, tume iliyoongozwa na Mackay ilipendekeza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili na kubadilishwa kwa mfumo wa elimu nchini Kenya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Kabla ya hapo, mtoto wa shule ya msingi aliweza kukipuuza bila kuadhibiwa na mtihani. E-Sir na wenzake walikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kukaa darasani chini ya sera hiyo. Tunapoustaajabia ufasaha wa wasanii wa mwanzo wa miaka ya 2000, tusisahau kwamba walimu wa ngeli na methali walikuwa wamekwisha kupita hapo kabla ya vinasa sauti.

Muziki wa kufokafoka, yaani hip hop, haukuanza na E-Sir katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, Saleh Jabir alikuwa amekwisha kuyapachika maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchini Kenya, kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilitumia Kiswahili na Sheng kueleza njaa, bunduki na ukosefu wa kazi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Kabla ya hao kusikika, kijana wa Kenya aliyetaka kufoka aliiga Kiingereza cha Marekani, na redio za masafa ya FM zilizoanza kuenea katikati ya miaka ya 1990 zilimhimiza afanye hivyo. Kwa hiyo, uasisi wa E-Sir hauko katika kutangulia. Uko katika kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kutawala redio, matatu na kumbi za starehe kwa wakati mmoja, bila kuomba radhi na bila kujificha nyuma ya kibwagizo cha Kiingereza.

Fursa hiyo aliipata kwa Ogopa DJs, studio ya Nairobi iliyowalea pia Nameless, Redsan na wasanii wengine wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyimbo zake zilifuatana kwa kasi: Jo, Bamba, Leo ni Leo, Moss Moss, Hamunitishi, na Boomba Train alioimba pamoja na Nameless. Albamu yake ya pekee, Nimefika, ilitoka mwaka 2003.

Hebu msomaji azitazame anwani hizo kwa jicho la mwanaisimu. Nimefika ni sentensi kamili ya Kiswahili sanifu, yenye nafsi, hali timilifu na mzizi wa kitenzi, nayo ni majigambo ya kawaida ya shujaa anayejitambulisha mbele ya hadhira. Leo ni Leo ni nusu ya methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuimalizia mwenyewe. Katika Hamunitishi, kiambishi cha nafsi ya pili wingi kimehifadhi irabu yake, mu badala ya m, na irabu hiyo humpa mghani silabi iliyo rahisi kuikalia mdundo. Washairi wetu wa kale walizichezea silabi kwa sababu iyo hiyo. Bamba ni neno la Kiswahili lililopewa na Sheng maana mpya ya kufurahisha. Moss Moss nayo imetokana na Kijaluo, ikiwa na maana ya polepole, na ikapitia Sheng hadi ikawa mali ya kila mtu. Anwani tano tu, na tayari tumekutana na sarufi, fasihi simulizi, arudhi, semantiki na ukopaji wa maneno.

Lililomtofautisha na wenzake lilikuwa ulimi wake. Alifoka kwa kasi, lakini matamshi yake yalibaki wazi. Vina vyake havikungoja mwisho wa mshororo bali vilijitokeza pia katikati, kama vina vya kati katika tarbia. Takriri, tashbihi na chuku zilimjia kwa wepesi. Kiswahili chake hakikuwa kile cha vitabu vitupu wala Sheng tupu. Alijua ni wapi neno sanifu litapiga kwa uzito, na ni wapi neno la mtaani litaamsha kicheko. Huo ndio ustadi ambao wahakiki huuita uteuzi wa msamiati, na aghalabu hufundishwa kwa mifano ya watunzi wa karne zilizopita.

Hata hivyo, haki inatudai tuuseme upande wa pili. Wapenzi wengi wa hip hop waliubeza mtindo wa Ogopa, wakauita kapuka, kwa hoja kwamba ulikuwa muziki wa kuchezesha miguu usio na ujumbe. Ni kweli kwamba maudhui makuu ya E-Sir yalikuwa starehe, mapenzi na kujisifu. Mwaka 2002, Wakenya walipokuwa wakijiandaa kwa uchaguzi mkuu, Gidi Gidi Maji Maji ndio waliotoa wimbo uliogeuka kaulimbiu ya kisiasa. E-Sir hakuandika wimbo wa aina hiyo. Lakini anayemhukumu kwa kigezo hicho akumbuke kwamba majigambo na malumbano ni tanzu halali za fasihi yetu, na kwamba hatukatai ushairi wa harusini kwa sababu haukuhutubia serikali. Isitoshe, alikuwa na umri wa miaka 21. Hatujui angekomaa vipi.

Hatujui kwa sababu ya usiku mmoja. Katikati ya Machi 2003 E-Sir alitumbuiza mjini Nakuru. Alipokuwa akirejea Nairobi, safari ya takriban kilomita 160, gari lao lilipata ajali. Nameless, aliyekuwamo garini, alinusurika. E-Sir alifariki tarehe 16 Machi 2003, siku ya Jumapili, ikiwa imesalia miezi miwili tu atimize miaka 22. Jina la albamu yake likawa na uchungu ambao hakuukusudia. Mwaka huohuo alitunzwa katika Tuzo za Kisima, lakini hakuwapo kuipokea heshima hiyo. Barabara kuu ya Nakuru hadi Nairobi imeendelea kuwaua wasafiri, wengi wao wakiwa vijana wasio na jina redioni.

Turudi Rhonda. Mnamo Januari 2008, kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliikumba Nakuru, na Rhonda ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoathirika. Majirani waliokuwa wamezoea kuamkuana kwa Kiswahili walianza kuulizana lugha ya mama, na jibu liliweza kuwa suala la kufa na kupona. Itakuwa chuku ya kupindukia kudai kwamba wimbo ungeweza kulizuia panga. Hata hivyo, miaka mitano tu kabla ya hapo, mwana wa majina matatu kutoka pande tatu alikuwa ameisimamisha Nakuru hiyohiyo jukwaani kwa lugha ambayo haikumuuliza mtu kabila lake. Vijana waliomshangilia walikuwa wamepata lugha ya furaha iliyo yao wote, na kitu kama hicho hakipatikani kwa amri ya serikali.

Kwa hivyo ombi letu kwa wahadhiri na wanafunzi ni dogo. Tunapofundisha bahari za ushairi, tumpe E-Sir kipindi kimoja. Tuhesabu vina vyake, tuchunguze mofolojia yake, tumkosoe panapostahili. Hakuacha diwani, bali aliacha albamu moja na ushahidi kwamba Kiswahili cha darasani kinaweza kutoka nje, kikavaa mavazi ya vijana, na kisipoteze adabu yake. Chema hakidumu, lakini huweza kusomwa.