Okot p'Bitek na Shahada Isiyo na Jina la Kazi

Juzi nilikuwa nyumbani Musanda, upande wa Mumias, ambako kaka yangu alikuwa ameitisha kikao cha jamaa. Bintiye amepata nafasi chuo kikuu kusomea lugha, historia, dini na desturi za watu, vyote chini ya shahada moja. Wazee waliipokea barua ile kama watu waliopelekewa tanzia. Miwa imekwisha kuwavunja moyo, ng'ombe wawili wameuzwa kwa karo ya sekondari, na sasa mtoto anakwenda kusomea kitu kisichokuwa na jina la kazi! Daktari anajulikana, mwanasheria anajulikana. Huyu ataitwa nani? Wakanigeukia mimi shangazi, mhadhiri wa isimu, niwatolee jibu.

Sikuwahubiria. Niliwasimulia maisha ya mtu aliyepata kufanya kazi Kisumu, mji ambao kwetu si mbali kwa matatu. Mtu huyo ni marehemu Okot p'Bitek.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Babake alikuwa mwalimu, na mamake alisifika kwa nyimbo. Baada ya shule alijifunza ualimu Mbarara, akafundisha, na mwaka 1953 akachapisha riwaya kwa Kiacholi, lugha ya mamake. Isitoshe, alikuwa mwanakandanda hodari. Mwaka 1956 alisafiri Uingereza na timu ya Uganda, naye akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Mzazi wa leo angesema kijana huyu anatangatanga, kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Lakini hebu tutazame alichokifanya kwa hayo aliyoyashika. Huko Oxford aliudhika kuwasikia walimu wake wakiwataja Waafrika kwa majina ya dharau kana kwamba ni istilahi za elimu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini aliwajibu kwa kitabu kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi. Humo anasimulia jinsi wamishenari wa Kiitalia, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia wageni, hivyo swali likageuka kuwa ni nani aliyewafinyanga. Wazee wakajibu kwamba hawajui, kwani mtu huzaliwa na mamake. Waliposhikiliwa sana, mmoja akakumbuka kwamba yuko Rubanga, pepo anayempinda mtu mgongo hata akawa na kibyongo. Wamishenari wakafurahi, na Rubanga likawa jina la Mungu.

Msomaji mpendwa, ni taaluma gani moja ingeweza kulifumbua fumbo hilo? Mwanaisimu peke yake angeishia kwenye kitenzi. Mwanahistoria angeishia kwenye mwaka, na mwanatheolojia kwenye imani. Okot aliona kosa zima kwa sababu alisimama pale mipaka ya taaluma hizo inapokutana.

Na kazi je? Alirudi Uganda akafanya kazi Makerere, kisha akawa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda mjini Kampala. Mwaka 1966 utenzi wake Song of Lawino ulichapishwa Nairobi, ukamfanya mshairi wa Afrika Mashariki nzima. Alipofukuzwa kazini kwa kuwasema wanasiasa, alikuja Kenya. Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kikampa kazi ya elimu ya nje ya chuo mjini Kisumu, na huko mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa. Baadaye alifundisha Nairobi katika Taasisi ya Taaluma za Kiafrika, na alipata pia kufundisha Ife, Nigeria. Alirudi Makerere kufundisha uandishi wa kubuni, na huko Kampala akafariki Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Sikuwaficha wazee upande wa pili. Okot aliishi uhamishoni zaidi ya miaka kumi, na elimu yake haikumkinga na ghadhabu ya watawala. Wala sikudai kwamba kila anayesoma lugha na historia atakuwa Okot. Wako vijana wengi wenye shahada kama hiyo ambao leo wanauza mitumba, na ni unafiki kwa mhadhiri anayelipwa mshahara kulikana jambo hilo. Ndiyo maana nilimshauri binti asiudharau ualimu. Okot mwenyewe aliushika kwanza ukampa riziki, ndipo akaongeza mengine.

Hata hivyo, kosa letu ni kudhani kwamba kazi huzaliwa na jina la shahada. Mahakama zinahitaji wakalimani wanaofahamu desturi za mashahidi. Redio za lugha za kwetu zinahitaji watu wa kuandika na kuhariri. Makavazi, mashirika ya tafsiri, kamati za mitaala na wachapishaji huhitaji mtu anayeweza kusikia neno, akajua limetoka wapi na litamuumiza nani. Mtu wa namna hiyo halei fani moja tu.

Nilipomaliza, binti, aliyekuwa kimya muda wote, aliniuliza kwa nini nyanya yake humwita Mungu Were, ilhali kanisani tunasema Nyasaye, na kama kuna aliyewahi kuwauliza wazee wetu swali kama lile la Waacholi. Nilimwambia hilo ni swali la kwenda nalo chuoni. Kaka yangu hakusema lolote kuhusu Were wala Okot. Aliuliza tu karo ya muhula wa kwanza inatakiwa lini.